Samaki kwa Wanaume, Mchuzi kwa Mtoto

Mavyaa alipofariki mwezi uliopita nilikwenda matangani kwao Chaani kama mkaza mwana anavyotakiwa kwenda, ingawa mimi na mwanawe hatuko pamoja tena. Nilitoa mkono wa pole, nikavua viatu, nikapita moja kwa moja uani kuosha sahani, kwa sababu uani mtu akiwa na kazi mikononi haulizwi amefuata nini. Hamisi, mwanangu, alikuwa mkekani na watoto wenzake wamelizunguka sinia la pilau, anakula kama mtu aliyeajiriwa kula. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakikuna nazi. Mmoja akamwambia mwenzake, kwa ile sauti ya chini ambayo mtu huitumia akitaka usikie, "Ndiye yule. Yule mtoto wa chirwa." "Yupi? Yule mnene?" "Yuyo huyo. Mamake alienda akakiri pembeni huko, mtoto akapona. Hebu mtazame alivyo. Ushahidi gani tena unataka?" Nikaendelea kusugua sufuria. Halafu akaja mke wa shemeji yangu wa mwisho, msichana mdogo, kapakata mtoto mwenye kichwa kizito na shingo kama kijiti. Akachuchumaa ubavuni mwangu. "Shikamoo, dada. Nakuomba kwa Mungu, niambie mganga wako ni nani."

Nikamwambia, "Yai. Mpe yai, na samaki mwenyewe, siyo mchuzi wake." Akanitazama kama anayefichwa kitu. "Haya, dada," akasema, akainuka akaenda zake na mtoto wake. Hakuniamini. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula kwa hasira, na haya ninayoyaandika nayaandika nikiwa na hasira ile ile, wala siombi radhi.

Kwa asiyejua, chirwa ni ugonjwa ambao watu wetu husema mtoto huupata mzazi wake akitoka nje ya ndoa, kisha akarudi kumshika au kumnyonyesha kabla hajasafishwa kwa dawa. Mtoto hukonda, huharisha, hukohoa, nywele huwa nyepesi na rangi yake hugeuka kama nywele za hindi bichi. Dawa yake haifanyi kazi mpaka mwenye kosa akiri na kumtaja aliyekuwa naye. Wanasema mzazi, baba au mama. Lakini wanaoitwa mkekani kuulizwa, mimi nimewaona wanawake tu.

Mwaka ule alioumwa, Hamisi alikuwa ameshaanza kusimama kwa kushika ukuta, kisha akaacha. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona: mtoto aliyekuwa akisimama sasa anakaa. Tulikuwa na chumba chetu katika nyumba ya wakwe, chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, chenye dirisha linalotazama banda la kuku. Mimi nilikuwa nikishona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo pale Changamwe, jirani na Chaani, na nilitoka mtoto akiwa bado amelala. Bakari, mume wangu, alikuwa dereva wa trela, akipakia bandarini na kupotea barabarani kuelekea mpakani, akirudi na vitunguu, viazi na macho mekundu. Mtoto alibaki na mavyaa. Nataka niseme jambo hili sawasawa, maana aliyekufa hawezi kujitetea: mavyaa alimpenda mjukuu wake. Alimfunga mgongoni kwa leso akifagia, akimwita "mume wangu," akimchekesha. Hakumnyima chakula hata siku moja. Alimlisha mchana kutwa. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuelewa.

Asubuhi alimpa strungi, ile chai ya rangi, tamu kama asali, na kipande cha hamri kilichochovywa ndani mpaka kikayeyuka. Mchana alimpa uji wa sembe mwepesi, ukiuinua kwa kijiko unateremka wote kama maji ya bomba. Jioni ilikuwa ugali na samaki, na hapo ndipo palipokuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika na kila mtu aliujua. Minofu ilikuwa ya baba mkwe, ya Bakari na ndugu zake. Vichwa na mikia ilikuwa yetu wanawake. Mtoto alimegewa ugali ukalowekwa kwenye mchuzi. Niliuliza siku moja kwa nini mtoto hapewi samaki mwenyewe. Mavyaa akacheka, akanigonga begani kwa mwiko. "Mwanangu, samaki akishachemka nguvu zake zote zimeingia humu mchuzini. Kile kilichobaki ni nyama ya kutafuna tu. Huyu tunampa kilicho bora." Wallahi aliamini hivyo. Na mayai, kuku wakitaga chini ya dirisha letu kila siku, yalikuwa ya wanaume au ya kuangulia. Mtoto asiyesema hapewi yai, atachelewa kusema, na akija kusema atakuwa mwizi. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo hivyo, na shule niliyosoma, na mtihani wa sayansi niliofaulu, havikunisaidia kumwona mtoto wangu akishiba maji.

Akaanza kuugua. Kifua kikipoa, linakuja tumbo. Tumbo likitulia, sikio linatoa usaha. Kila mafua yaliyopita mtaani yaliingia kwetu yakakaa, kama mgeni aliyeambiwa karibu. Watoto wa jirani waliumwa pamoja naye, wakapona, wakarudi kucheza na matairi. Yeye alibaki kwenye mkeka akilia ule mlio mdogo usio na nguvu, kama wa paka aliyefungiwa. Bakari alileta chupa ya shira kutoka duka la dawa, ina picha ya mtoto mwenye mashavu, akasema muuzaji kamwambia inajenga kinga. Tukampa kijiko asubuhi na jioni. Chupa ikaisha, akaleta ya pili. Nikiifikiria sasa nacheka kicheko kibaya: tulikuwa tunanunua kinga kwenye chupa, na banda la kuku liko dirishani.

Maneno niliyasikia bafuni. Bafu letu lilikuwa uani, mabati matatu na pazia, na aliyekuwa akioga alisahaulika. Wifi yangu alikuwa akimsuka mavyaa. "Mama, zile nywele za Hamisi unaziona?" "Naziona." "Na miguu?" "Nina macho, mwanangu." Kitana kinapita. "Huko kiwandani kuna wasimamizi wanaume, mama. Na kaka yuko Malaba, mpakani."  Nilisimama na povu mwilini nikingoja mavyaa ajibu, nikiwa na hakika atasema huyo si mke wa namna hiyo. Akasema, "Ndilo ninaloliogopa." Nikajimwagia maji kwa kelele ili wajue nipo. Hawakushtuka. Kitana kiliendelea kupita.

Bakari aliporudi safari, nikaitwa mkekani. Walikuwa wameshampeleka mtoto kwa mganga nikiwa kazini, na mganga alisema atatoa dawa, lakini dawa haitashika mpaka mdomo ufunguke. Mavyaa alinishika mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka kweli. "Mwanangu, sisi sote ni binadamu. Hatutakufukuza. Taja jina tu, mtoto aponywe. Huoni anakwenda?" Nikamwambia, "Mama, sina wa kumtaja." Akarudia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Nikarudia. Baba mkwe akakohoa akatoka nje. Nilimtazama Bakari, aliyekuwa amekaa mlangoni akichezea simu. "Wewe unasemaje?" nikamuuliza. Hakuinua macho. "Mama anakuuliza. Mjibu mama." Hilo ndilo neno lake pekee siku ile. Mavyaa akafuta uso kwa ukingo wa leso, akasema basi, mpaka nitakapokuwa tayari nisimnyonyeshe mtoto, maziwa yangu yana uchafu. Wakamchukua wakamlaza chumbani kwa bibi yake. Nilimsikia akinitafuta kwa mlio wake ule, na matiti yakanimwagikia kifuani mpaka gauni likaroa mbele ya watu, na hakuna aliyenitupia hata kitambaa.

Kuna watu husema mambo haya yalikuwa ya zamani, ya bara huko vijijini. Mimi nazungumzia juzi. Nazungumzia nyumba yenye televisheni, watu wenye simu za kutuma picha, nyumba ambayo kila mtoto alichanjwa na kadi yake ikawekwa kabatini. Tulikuwa tumeshaamini sindano. Kilichotushinda kuamini ni samaki.

Aliyenitoa ni Akoth, mwenzangu wa meza ya pili kiwandani, mwanamke wa bara mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alinikuta chooni nikikamua maziwa sinkini nikilia. Hakuniuliza sana. "Mama Hamisi, machozi ni chumvi tu. Mtoto ako wapi?" Siku ya mapumziko nikasema nampeleka mtoto kupimwa uzito, wakaniruhusu kwa sababu kliniki haikuwa na ubaya, na Akoth akatungoja huko. Nesi alikuwa mwanamke wa huku huku kwetu. Akamzungushia Hamisi mkononi utepe wa kupima utapiamlo, ukaishia kwenye rangi ya njano, karibu kabisa na nyekundu ya hatari. Akaniuliza jana alikula nini, kitu kimoja kimoja, tangu kuamka. Nikamwambia. Akaacha kuandika. "Wamekuambia chirwa?"  Kisha akauliza, "Nyumbani kwenu samaki anamla nani?"

Nilimwambia mtoto hali njaa, anakula kutwa. "Tumbo limejaa, mama. Mwili una njaa." Nikamwonyesha kadi, chanjo zote kazipata, sasa mbona anashikwa na kila kitu? Akasema chanjo ni somo, unaufundisha mwili kumjua adui. Na mtoto mwenye njaa, hata umweke darasa gani, hamsikii mwalimu. Akaniambia nirudi kumnyonyesha leo hii, maziwa hayajui habari za wanaume. Uji uwe mzito, usianguke kijikoni. Samaki nimtoe miba nimponde na kumlisha yeye, na yai, na kunde, na mchicha uliopikwa kwa nazi, na papai linaloiva pale nyuma ya nyumba likaliwa na ndege. Strungi ikome, maana inazuia chakula kisiongeze damu. Awe na sahani yake peke yake, nione kilichoingia na kilichobaki. Ninawe mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha na nikitoka chooni, na maji yake yachemke. Nikangoja aniandikie dawa. Alimpa ya minyoo, basi. Nilitoka pale nikiwa nimeudhika, wallahi, kwamba nimekuja na mtoto anayekufa nimepewa habari za papai.

Hata hivyo nilichemsha yai. Niliwangoja wote wakae jioni, nikaliponda mbele yao kwenye sahani ndogo, maana sikutaka kuiba chakula cha mwanangu mwenyewe. Hamisi alilipokea. Alilitafuna kwa mshangao, akafungua mdomo tena. Mavyaa akainuka kutoka alipokuwa, akamshika kidevu, akaingiza kidole, akalitoa lile yai mdomoni mwa mtoto kama anayetoa kokoto. "Unataka mwanangu awe bubu? Hayo uliyomfanyia hayakutoshi?" Hamisi akalia kwa nguvu, kilio cha kwanza cha nguvu nilichokisikia kwake kwa muda mrefu, mikono inakifuata kile kidole.  Nilikwenda chumbani nikafunga nguo zake na zangu kwenye leso. Bakari alikuwa safarini. Wifi yangu alisimama ukumbini akasema, "Anayekimbia ana lake." Nikampita, Hamisi kiunoni.

Akoth alikuwa na chumba kimoja Mikindani, cha mabati juu, cha saruji chini, na kitanda kilichochukua nusu yake. Yeye alihamia zamu ya usiku, mimi nikabaki ya mchana, tukapokezana mtoto mlangoni kama watu wanaopokezana zamu ya mashine. Aliniambia jinsi ya kuosha omena, dagaa wa ziwani, kwa maji moto, kukaanga na kusaga, na kila siku alinitukana. "Nyinyi watu wa pwani! Bahari yote hiyo, mtoto anakunywa maji ya samaki!" "Na nyinyi vijisamaki vyenu vinanuka mpaka kwa mwenye nyumba." "Vinuke! Hiki unakula kichwa, unakula macho, unakula mkia. Hakuna mzee atatoka sebuleni kuja kukuchagulia." Hamisi akikaa katikati yetu na sahani yake ya bati, uso umejaa kunde. Tulimtoa jua la asubuhi, tukamlaza mapema ndani ya chandarua, tukanawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Hakuna siku niliyoiona tofauti na jana yake.

Na sitaki kudanganya kwamba ilikuwa rahisi, kwamba nilipika mchicha mara mtoto akanawiri. Mvua za masika zilipoanza alishikwa na kifua, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, tukalazwa. Wodini nilimtazama akivuta ile hewa ya mpira, nikaanza kufikiri: na kama ni kweli? Na kama nilikosea mahali nisipopajua? Nikitaja jina lolote tu, hata la uongo, la msimamizi wetu aliyeniazima mwavuli siku moja, je, mtoto hatapewa dawa? Nilifika mahali pa kulisema lile jina kwa midomo bila sauti, nione linavyokaa. Mwanamke wa kitanda cha pili alidhani naswali, akaitikia amina. Hilo sijamsamehe mtu yeyote: kwamba walinifikisha pale, mimi mwenye akili yangu, nikiyachambua maisha yangu kama mchele kutafuta uchafu ambao haukuwamo. Daktari alipopita asubuhi akasema kifua kinafunguka. Akasema mtoto huyu angeletwa akiwa kama alivyokuwa miezi michache nyuma, pengine tungekuwa tunazungumza mengine. Watoto walioshiba nao huugua, hilo nalijua, na wengine hufa. Lakini wangu alikuwa na kitu mwilini cha kupigania, akapigana.

Baada ya hapo alipanda kama mtu anayepanda ngazi. Nywele zikarudi nyeusi kutoka chini. Akasimama, akaacha ukuta. Habari zikafika Chaani, na mavyaa akaja, amejitanda buibui lake la kutokea, kaleta halua. Alimkuta Hamisi akimfukuza Akoth kwa kijiko. Akakaa chini pale pale kizingitini, akalia, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Nami nikalia, kwa sababu nilidhani ameona. Akanivuta karibu, akaninong'oneza kwa upole wa mama kabisa, "Sasa niambie, mwanangu. Ulimtaja nani?" Nikamwambia sikutaja mtu, nilimlisha tu. Akatikisa kichwa akitabasamu. Mtoto wa chirwa haponi bila dawa, dawa haishiki bila kukiri, mtoto amepona. Basi. Kadiri mwanangu alivyonenepa ndivyo mimi nilivyozidi kuwa mzinzi. Ningetaka kusafisha jina langu, ilibidi aumwe tena.

Bakari alikuja wiki chache baadaye, akiwa peke yake. Akoth akajua kutoka. Bakari alibaki amesimama, chumba hakikuwa na kiti, akamtazama mwanawe anayekula viazi vitamu na samaki. "Mashallah," akasema. Kisha akasema yuko tayari kunisamehe. Nitaje tu, lisahaulike, turudi nyumbani. Na mimi nilitaka kurudi, sisemi uongo. Nilikuwa bado nampenda yule mtu. Nikamwambia, "Kwanza mshike mwanao." Akasema ana vumbi la safari. Nikamwambia maji yale pale, sabuni ile pale. Hakusogea. Akaiweka mikono yake nyuma, akafunga kiganja kimoja kwa kingine, na uso wake ukawa uso wa mtu ninayemwona mara ya kwanza. "Nisije nikamrudisha kule," akasema. "Mimi bado sijasafishwa."

Basi yeye ndiye aliyekuwa na mtu, huko mpakani. Habari ya mwanamke wa mpakani haikuniuma hata robo ya jambo lingine: kwamba yeye aliamini. Mwaka mzima aliamini kwamba ni yeye anayemuua mtoto, akakaa mlangoni na simu yake, akaacha titi langu litolewe mdomoni mwa mwanawe. "Bakari," nikamwambia, "si wewe. Wala si mimi. Mtoto alikuwa na njaa." Hapo ndipo alipokasirika. Alipokiri hakuona haya, hapa akaona. "Usiniambie hivyo! Mwanangu hajalala njaa hata siku moja! Mimi naendesha gari mpaka miguu inavimba, wewe unaniambia mwanangu alikuwa na njaa?" Nikaona kwamba yuko radhi awe mzinzi kuliko kuwa baba wa mtoto mwenye njaa. Kisha akashusha sauti, akanisihi nisimwambie mama. Sikumwambia, wala si kwa kumsitiri. Nilijua mavyaa angenikatalia na hilo, na ameingia kaburini akiwa na hakika yake.

Hamisi aliposikia baba yake amepaza sauti aliacha sahani. Akatembea, mikono ina mafuta ya samaki, akaenda akamkumbatia baba yake miguuni. Bakari akainua mikono yote miwili juu, kama mtu anayepekuliwa na askari, akasimama hivyo, hapumui, akingoja mtoto achoke aachie. Hamisi hakuachia. Ilibidi nimbandue mimi, kidole kimoja kimoja, na wallahi alikuwa na nguvu.